Tonge Lililoanguka na Swali la Bibi



Katika makala zilizotangulia nimeandika juu ya majahazi, juu ya hati za shamba na juu ya majina ya wazee walioandikwa kwa wino katika kurasa za mwisho za misahafu. Leo nitaandika juu ya jambo dogo kuliko hayo yote, lakini ndilo lililoleta ukimya baina yangu na binti yangu kwa muda wa wiki tatu. Nalo ni tonge lililoanguka chini. Je, huokotwa likaliwa, au hutupwa?

Kisa chenyewe ni hiki. Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, mjukuu wangu mwenye umri wa miaka mitatu aliangusha kipande cha tikiti maji karibu na mlango wa sebule, mahali ambapo wageni huvua viatu. Mtoto akaanza kulia. Mimi nikakiokota, nikakipangusa kwa ncha ya kanzu, nikasema bismillahi, nikamtia mdomoni. Mama yake alikuwa jikoni. Usiku ule mtoto akatapika na kuharisha, na kabla ya alfajiri tulikuwa hospitalini, yeye akiwa na dripu mkononi. Alilala siku mbili. Daktari alituuliza alichokula, tukamtajia kila kitu, naye akasema kwamba maradhi kama yale yanaweza kuletwa na mambo mengi na hakuna awezaye kukishika kimoja akakihukumu. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani binti yangu aliniambia kwa sauti ya chini, bila ya kunitazama: "Baba, hii si nyumba ya Bibi."

Nilikasirika. Nilidhani ameivunjia heshima mila yetu na ameyasahau mafundisho ya dini. Nikaingia katika vitabu vyangu ili nipate hoja ya kumjibu. Ninachokuandikieni hapa ndicho nilichokikuta humo, pamoja na kile nilichokikuta katika kumbukumbu zangu mwenyewe, ambacho sikukitazamia.

Nianze na nyumba ya Bibi, mama mzazi wa baba yangu. Nilizaliwa Unguja mwaka 1960, na utoto wangu ulipita katika nyumba yake ya Mji Mkongwe. Tulikula chini, juu ya jamvi, tukiizunguka sinia moja, kila mmoja na upande wake. Punje ya wali ikidondoka nje ya sinia, Bibi alikuwa akiinyooshea kidole, na aliyeiangusha huiokota. Hapakuwa na mjadala. Mkate ukianguka uliokotwa, ukapanguswa, na kama haukuliwa uliwekwa juu ya ukuta wa uwani kwa ajili ya ndege, usije ukakanyagwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chakula kilipokuwa kwa mgao, mila ile ilipata maana nyingine. Wakubwa wenzangu wanazikumbuka foleni zile. Nilikuwa nikisimama na kaka yangu tangu baada ya sala ya alfajiri, na tulichorudi nacho kilipimwa tena nyumbani kwa kikombe. Siku moja kaka yangu alijikwaa kizingitini na mchele ukamwagika. Bibi hakumgombeza. Aliketi chini, akatandaza upande wa kanga yake, akaokota punje moja moja mpaka kiza kikaingia. Wahenga wamesema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi niliyeiona kanga ile siwezi kutazama wali ukisukumwa ndani ya pipa la taka bila ya kuumia, na huu ndio ugonjwa wa watu wa rika langu. Vijana wetu watusamehe kwa hilo.

Sasa nije kwenye mafundisho. Katika Sahihi ya Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 261 wa Hijra sawa na 875 Miladia, zimo hadithi zilizopokewa kwa Jabir na kwa Anas, Mwenyezi Mungu awawie radhi, ambazo maana yake ni kwamba tonge la mmoja wetu likianguka aliondoshe uchafu, alile, wala asimwachie shetani. Na kwa kuwa mlaji hajui baraka imo katika sehemu gani ya chakula chake, asidharau hata kilichobaki vidoleni. Katika Sunan ya Ibn Maja kimo kisa cha sahaba Ma'qil bin Yasar, aliyeangusha tonge akila chakula cha mchana, akaliokota, akaliondosha uchafu na kulila. Wakuu wa vijiji waliokuwapo wakakonyezana, na mtu mmoja akamjulisha. Jibu lake lilikuwa kwamba hataacha jambo alilolisikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa ajili ya macho ya watu wale.

Nilipofika hapo niliona nimepata ushindi. Nikataka kumwita binti yangu. Lakini mwalimu wetu wa chuoni alitufunza kwamba hadithi haisomwi bila ya sherehe yake, basi nikafungua sherehe ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra sawa na 1277 Miladia, na ambaye vitabu vyake vimesomeshwa katika misikiti ya mwambao wetu vizazi kwa vizazi. Yeye anaeleza kwamba hukumu ile ni ya tonge ambalo halikuanguka mahali penye najisi. Likiangukia penye najisi, basi nalo limenajisika, na ni lazima lioshwe ikiwezekana. Isipowezekana, apewe mnyama, ili lisiachwe likapotea.

Nililisoma hilo mara mbili. Maana yake ni kwamba hata katika kitabu nilichokitegemea, kuokota si mwanzo wa jambo. Kwanza mtu anatazama mahali lilipoangukia. Kisha anaondosha uchafu. Kisha ndipo anakula, au anaosha, au anampa kuku. Mimi siku ile niliruka mpaka kwenye kula.

Wiki hiyohiyo mpwa wangu aliyeko Uingereza alinipigia simu. Alipokisikia kisa alicheka, akasema kwamba wenzetu wa huko nao wana kanuni yao: chakula kilichoanguka kikiokotwa kabla ya sekunde tano hakina dhara. Nilimwomba anitafutie kama kuna wataalamu walioipima kanuni hiyo. Aliniletea zaidi ya nilivyotarajia.

Mwaka 2003 mwanafunzi wa sekondari kutoka Chicago, Jillian Clarke, alipokuwa akifanya mafunzo katika Chuo Kikuu cha Illinois, alichunguza sakafu za chuo hicho na kushangaa kuona bakteria walikuwa wachache sana. Kisha alichukua vigae, akavipaka bakteria wa namna ya E. coli, akaweka juu yake biskuti na peremende laini. Bakteria walihamia kwenye chakula kabla ya sekunde tano kumalizika. Mwaka 2004 alitunukiwa ile tuzo ya mzaha iitwayo Ig Nobel, inayopewa utafiti unaomfanya mtu acheke kwanza na kufikiri baadaye.

Mwaka 2007 Paul Dawson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walichapisha utafiti juu ya bakteria wa Salmonella, ambao huleta maradhi ya tumbo. Waliwakuta wangali hai juu ya sakafu kavu hata baada ya wiki nne. Na mwaka 2016 Robyn Miranda na Donald Schaffner wa Chuo Kikuu cha Rutgers walichapisha matokeo ya vipimo 2,560. Walitumia sakafu za aina nne, yaani chuma kisichoshika kutu, kigae, mbao na zulia, na vyakula vya aina nne: tikiti maji, mkate mtupu, mkate wenye siagi na peremende laini. Wakaviacha kwa muda usiofika sekunde moja, kwa sekunde 5, kwa sekunde 30 na kwa sekunde 300. Waliona kwamba kadiri chakula kinavyokaa chini ndivyo kinavyozidi kubeba, lakini bakteria wanaweza kuhama hata kabla ya sekunde moja kutimia. Aina ya chakula na aina ya sakafu ndizo zilizoleta tofauti kubwa. Zulia, ambalo mimi nilidhani ndilo baya kuliko yote, liligawa bakteria wachache kuliko kigae na chuma. Na katika vyakula vyote vinne, kilichobeba bakteria wengi zaidi ni kile chenye maji mengi.

Tikiti maji.

Niliizima simu nikakaa kimya. Siwezi kusema kwamba kipande kile ndicho kilichomuuguza mtoto, kwa kuwa daktari mwenyewe hakusema. Lakini nilijua kwamba nimechagua chakula kibaya kuliko vyote, juu ya kigae, mahali pa viatu, nikampa mtoto mdogo ambaye mwili wake hauna nguvu za mwili wangu. Na kile nilichokifanya kwa ncha ya kanzu kiliondosha vumbi linaloonekana tu. Wazee wetu walitufunza najisi ni nini, na elimu ile ni ya haki. Lakini mahali panaweza kuwa tahiri pa kusalia na bado pakawa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mayai ya minyoo ya tumbo, kwa mfano, hukaa katika udongo kwa miaka, nayo hayana rangi wala harufu ya kumwonya mtu.

Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo lingefaa kuwa la kwanza. Kama hatari ni hiyo, ile sakafu ya Bibi ilikuwaje? Nikaanza kuijenga upya nyumba ile katika fikra, chumba baada ya chumba.

Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari ilishikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haizidi urefu wa mti wenyewe, vyumba vyote vilikuwa vyembamba. Sakafu ya juu ilikuwa ya chokaa iliyochanganywa na kokoto, ikapigwa kwa vijiti siku nyingi mpaka ikashikamana na kuwa laini. Viatu na makubadhi vilibaki nje ya kizingiti. Chooni palikuwa na mitalawanda, na mitalawanda ile haikutoka chooni, ili maji ya huko yasifuate miguu ya watu vyumbani. Aliyetoka uwani alimiminiwa maji miguuni kwa kata. Sakafu ya vyumba ndiyo tuliyosalia, tuliyolalia na tuliyolia. Wakati wa kula jamvi lilitandikwa, na baada ya kula lilikung'utwa na kuanikwa juani. Sinia ililetwa imefunikwa kawa. Kilichoanguka uwani, penye kuku na mapipa ya maji, hakikuliwa na mtu. Kilikuwa cha kuku, sawasawa na alivyosema Imamu Nawawi, ingawa sidhani kwamba kuku wetu walijua hilo.

Msidhani nausifu mji ule kupita kiasi. Mji wetu ulijua maradhi. Kipindupindu kilichoingia Unguja mwaka 1869 na kuendelea mwaka 1870 kiliua watu wengi mno. James Christie, tabibu wa Kiskoti aliyekuwapo mjini wakati huo, aliandika kitabu kilichochapwa London mwaka 1876, akaifuata njia ya maradhi hayo kutoka bara mpaka pwani. Wakati ule Robert Koch alikuwa hajakitambua kijidudu chake, kazi aliyoifanya Misri na India mwaka 1883 na 1884. Maji safi ya bomba kutoka chemchemi iliyo nje ya mji yaliletwa katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Kwa hiyo usafi wa sakafu peke yake haukumwokoa mtu aliyekunywa maji machafu. Ninachosema ni kwamba katika nyumba ile, sakafu ilikuwa mahali panapolindwa kwa kazi ya kila siku.

Na kazi ile ilikuwa ya nani? Ndugu zangu, hapa ndipo kalamu yangu ilipokuwa nzito.

Palikuwa na bibi mmoja mzee ambaye sisi watoto tulimwita Shangazi, ingawa hakuwa dada wa baba wa yeyote kati yetu. Mama yake alizaliwa katika nyumba ya babu zetu akiwa mtumwa, kabla ya mwaka 1897, pale utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba katika utawala wa Sayyid Hamoud bin Mohammed. Sheria ilibadilika, mama akabaki palepale, na binti yake akaurithi ufagio. Shangazi alifagia kwa chelewa mara mbili kwa siku, kabla ya jua kutoka na baada ya alasiri. Alipiga deki, alianika majamvi, alijua ni paka gani aliyepita wapi na ni mtoto gani aliyeingia bila ya kunawa miguu. Alikula baada yetu.

Nikiwa nimekaa hapa Maskati, na umri wangu huu, nilisikia tena sauti ya Bibi. Tonge likianguka, kabla ya kunyoosha kidole, alikuwa akigeuza uso kuelekea mlango wa uwani na kuuliza: "Hapo pamefagiwa?" Na Shangazi alijibu, "Pamefagiwa, Bibi," au alijibu, "Hapo hapana." Akisema hapana, tonge lilikwenda kwa kuku, na Bibi mwenyewe hakulipinga neno lake. Kidole cha Bibi nilikikumbuka kwa miaka hamsini. Swali lake nililisahau, na aliyekuwa akilijibu nilimsahau pamoja nalo.

Tuliondoka Unguja mwaka 1973, kwanza Mombasa, kisha Dubai, na mwaka 1976 tukafika Oman, nchi ambayo babu mkuu aliiacha akiwa kijana. Tulibeba mila zetu. Tulibeba sinia, tulibeba udi, tulibeba hata mbuzi ya kukunia nazi. Shangazi alibaki. Katika nyumba za leo sakafu ni ya kigae kinachong'aa, na mng'aro huo unatuhadaa. Watu huingia na viatu mpaka ukumbini, mafundi hupita, magurudumu ya mikokoteni ya watoto hutoka barabarani na kuingia moja kwa moja. Anayefagia ni binti wa watu aliyetoka mbali kutafuta riziki, na mara nyingi hatumuulizi chochote.

Nilimwita binti yangu nikamsomea haya yote kama nilivyokusomeeni. Nilimwomba radhi kwa lile la mtoto. Naye aliniomba radhi kwa neno lake, nikamwambia kwamba neno lake lilikuwa la kweli, na hapakuwa na haja ya kuombana radhi kwa kweli. Tukapatana hivi. Viatu vinabaki nje ya mlango mkuu, vya wageni na vya wenyeji. Tunapokula chini, kitambaa safi kinatandikwa, na kinachoanguka juu yake kinaokotwa na kuliwa kama zamani. Kikavu kilichoanguka penye sakafu iliyosafishwa, kama tende au kipande cha mkate, mtu mzima mwenye afya akipenda atakiosha au atakipangusa na kukila. Chenye majimaji hakiliwi, wala haturudi kuhesabu sekunde. Kilichoanguka penye viatu, au chooni, au karibu na nyama mbichi jikoni, hakimwingii mtu mdomoni. Na mtoto mdogo, mgonjwa, mjamzito na mzee kama mimi hawapewi cha chini hata kidogo. Kisichofaa kwa mtu kinawekwa katika sahani juu ya ukuta wa nyuma. Ndege wa mtaa wetu wameshaijua saa yake. Na wali unapikwa kwa kipimo, maana kinachomwagwa kutoka sufuriani ni kingi mara nyingi kuliko kinachoanguka kutoka vidoleni.

Nilipomaliza kusoma, binti yangu aliniuliza jambo moja tu: "Shangazi alikuwa nani jina lake?" Nilimtajia. Akaniuliza jina la mama yake. Sikuwa nalo. Katika zile kurasa za mwisho za misahafu, ambazo nimezinakili kwa ajili yenu kwa miaka minne sasa, limo jina la farasi wa babu mkuu, lakini hao wawili hawamo.

Basi hili ndilo ombi langu kwenu, hasa mlioko Unguja. Kama yupo miongoni mwenu aliyewahi kuingia nyumba ile na kumkuta bibi mzee na ufagio wake wa chelewa, au anayejua alizikwa wapi na alimwacha nani, aniletee habari. Ukurasa wa nasaba una nafasi, na nimekwisha kuchora mstari.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotulisha, na waliotusafishia mahali pa kulia. Amin.